Maurice Wilks: Msee Aliyechora Land Rover Kwa Mchanga, Akaiundia Juu ya Jeep ya Mitumba

Kama uko na beshte mwenye Land Rover kuukuu anayoifufua, stori zake ushazizoea. Injini ya Toyota imeingia mahali ya zamani ilikuwa. Springi zimetolewa. Chesisi imechomelewa upya. Na doo imeisha, gari bado iko juu ya mawe. Halafu anatokea mzee mmoja anajua kila kitu, anamwambia ameharibu gari ya maana, angeiacha vile Mwingereza aliiunda.

Huyo mzee ni wa kuambiwa pole pole, kwa sababu Mwingereza mwenyewe aliiunda hivyo hivyo. Land Rover ya kwanza kabisa ilikuwa chesisi ya gari ya mtu mwingine, injini ya gari ingine, na bati ya bidhaa iliyobaki ya vita. Aliyeiwaza anaitwa Maurice Fernand Cary Wilks. Jina lake halijulikani sana mtaani, lakini kazi yake imepita kwenu ocha, imebeba chifu, imebeba makarao, imebeba mbuzi na wagonjwa. Wacha tukupe stori yake.

Kijana wa mashine

Wilks alizaliwa Agosti 19, 1904, kwa kisiwa cha Hayling, kusini mwa Uingereza. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Waliofanya kazi na yeye walimjua kama jamaa mpole, mnyamavu, mwenye kupenda mashine kuliko mikutano.

Mwaka wa 1926 alivuka maji akaenda Marekani kufanya kazi General Motors, akakaa huko hadi 1928. Hebu fikiria hiyo. Wakati huo Marekani ndiyo ilikuwa inafundisha dunia kuunda gari nyingi kwa haraka na kwa bei ya mtu wa kawaida, na kijana wetu alikuwa ndani akicheki vile inafanyika. Aliporudi aliingia Hillman, kampuni ya gari ambako brathe yake mkubwa, Spencer, alikuwa mdosi. Enyewe Spencer alikuwa amejipanga: alikuwa ameoa binti ya mzee Hillman mwenyewe.

Hillman ikaenda kwa wenyewe wapya, Spencer akahamia Rover, na mwaka wa 1930 Maurice akamfuata. Rover ya siku hizo ilikuwa imechapa kifedha. Spencer akashika hesabu na usimamizi, Maurice akashika uhandisi. Kwa miaka michache kampuni ikasimama tena, ikajulikana kwa magari ya watu wastaarabu, daktari na wakili. Si ya kubeba mbolea. Kumbuka hapo.

Injini ya ndege iliyomponyoka

Vita ya Pili ilipowaka, serikali ya Uingereza iliipa Rover kazi ambayo wengi hawakuijua: kutengeneza injini ya jeti iliyobuniwa na Frank Whittle. Maurice ndiye aliongoza hiyo kazi upande wa Rover, kwenye viwanda vya zamani vya nguo huko Barnoldswick na Clitheroe, kaskazini mwa nchi.

Hapo pakawa na moto. Whittle alitaka injini yake iundwe vile aliichora. Wilks na vijana wake waliona kuna mahali pa kurekebisha, hasa njia ya hewa ndani ya injini, ambayo kwa mchoro wa Whittle ilikuwa inajikunja na kurudi nyuma. Wao wakaunda moja ambayo hewa inapita moja kwa moja, na wakaianza bila Whittle kujua. Alipojua alikasirika vibaya, na kutoka hapo hao watu wawili hawakupatana tena.

Mwisho wa 1942 Spencer alikaa chini na Ernest Hives wa Rolls-Royce huko Clitheroe, wakakubaliana kubadilishana kazi. Rolls-Royce ichukue jeti, Rover ichukue Meteor, injini kubwa ya vifaru. Makabidhiano yakafanyika 1943. Rolls-Royce ikaendelea na jeti hadi ikawa mfalme wa hiyo biashara, na ule mpango wa hewa kupita moja kwa moja ukatumika kwenye injini yao ya Derwent. Wilks akabaki na injini ya kifaru.

Ungekuwa wewe ungelia. Yeye alirudi kazini.

Kampuni bila chuma

Vita ikaisha 1945. Coventry, mji ambako Rover ilikuwa na kiwanda, ulikuwa umepigwa mabomu. Kampuni ikahamia Solihull, kwa kiwanda kikubwa ambacho serikali ilikuwa imekijenga kwa kazi ya injini za ndege. Nafasi ilikuwa, wafanyakazi walikuwa. Shida ilikuwa chuma.

Uingereza ilikuwa imefilisika, na chuma kiligawiwa kwa kipimo. Ukitaka nyingi, uza bidhaa zako nje ulete pesa za kigeni. Sasa Rover ingemuuzia nani nje? Magari yake yalikuwa ya daktari wa Uingereza. Walijaribu kuwaza gari ndogo, mpango ukafa.

Wakati huo Maurice alikuwa na shamba kwa kisiwa cha Anglesey, kule Wales. Kazi za shamba alikuwa anazifanya na Jeep ya jeshi la Marekani, zile zilizouzwa bei rahisi baada ya vita. Kwa lugha yetu, ilikuwa mitumba. Ilikuwa inazeeka, na spea zake hazikuwa rahisi kupata. Inasemekana Spencer alimuuliza atafanya nini ikikufa, na Maurice akakubali kwamba itabidi anunue Jeep ingine, kwa sababu Uingereza hakuna mtu alikuwa anaunda kitu kama hiyo.

Hiyo jibu ndiyo ilizaa wazo. Stori ambayo familia imehifadhi inasema wakati wa Pasaka 1947, kwa ufuo wa Red Wharf Bay hapo Anglesey, Maurice alichukua kijiti akamchorea brathe yake umbo la hiyo gari kwa mchanga. Maji ya bahari yakaja yakafuta. Lakini wao walikuwa washaona.

Gari ya kwanza ilikuwa ya kuunganisha

Sasa hapa ndipo fundi wa Kirinyaga Road atasikia raha.

Wilks hakuanza na karatasi safi. Watu wake walitafuta Jeep za mitumba, wakazifungua, wakapima kila kitu. Kijana mhandisi anaitwa Gordon Bashford ndiye alipewa kazi ya kuchora chesisi. Gari ya majaribio ikajengwa juu ya chesisi ya Jeep, ikawekwa injini na giaboksi za gari ndogo ya Rover. Usukani wakauweka katikati, kama trekta, ili gari moja iuzwe nchi za kuendesha kushoto na za kulia bila kubadilisha chochote.

Wazo la usukani wa katikati halikufanya kazi barabarani, wakalitupa. Hata umbali kati ya gurudumu la mbele na la nyuma uliachwa vile ulikuwa kwa Jeep, inchi 80.

Halafu shida ya chuma ikaamua mengine yote. Bodi ikaundwa na aluminiamu iliyochanganywa na magnesiamu, inaitwa Birmabright, kwa sababu aluminiamu ilikuwa haigawiwi kwa kipimo kama chuma. Hawakuwa na pesa za mashine kubwa za kukunja bati kwa mitindo, kwa hivyo wakachora paneli bapa, zenye kona rahisi ambazo fundi anaeza kukunja bila mashine ya bei. Ile sura ya sanduku unayoipenda kwa Instagram ni sura ya kukosa doo.

Chesisi nayo walichomelea. Badala ya kununua vyuma vya maboksi tayari, walikata bamba nne bapa, mbili za kando, moja ya juu na moja ya chini, wakazishikanisha kwa fremu maalum ili zisipinde, kisha wakachomelea kona zote nne. Zikawa boksi ndefu yenye nguvu. Hata rangi ya kwanza ya kijani ilikuwa rangi ya ndege za vita iliyobaki stoo.

Springi walichagua zile za vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, mbele na nyuma. Zinaruka na kukuvunja mgongo, ukweli usemwe. Lakini ni rahisi kuunda, zinabeba mzigo bila kulalamika, na kimoja kikikatika msituni unaeza funga na waya ufike nyumbani. Injini ikawa ya Rover ya lita 1.6, nguvu yake kama farasi 50 hivi. Nyuma ya giaboksi wakaongeza boksi ndogo ya kugawa nguvu kwa magurudumu yote manne, na gia za chini za kutambaa. Pia wakaacha mahali pa kuchomeka shafti ya kuendesha msumeno au mashine ya shamba. Kwa mawazo ya Wilks hii haikuwa gari tu. Ilikuwa jembe lenye injini.

Septemba 1947 wakubwa wa Rover wakakubali iundwe. Aprili 30, 1948, mwaka mmoja na kidogo baada ya ule mchoro wa mchanga kuzama, Land Rover ikaonyeshwa Amsterdam. Bei ilikuwa pauni 450, na hata milango ulikuwa unalipia kando.

Mpango wao ulikuwa iuzwe miaka miwili au mitatu, ilete pesa za kigeni na chuma, halafu warudi kwa magari ya wastaarabu. Haikuenda hivyo. Ndani ya muda mfupi ilikuwa inauza kuliko hayo magari mengine. Novemba 1959 walikuwa washaunda 250,000.

Ikafika huku kwetu

Gari ya kuuzwa nje ilibidi iende mahali, na Uingereza ilikuwa na makoloni. Kenya ikiwemo. Walowezi waliinunua kwa mashamba, wawindaji na watu wa mbuga wakaichukua, na serikali ya kikoloni ikaipenda kuliko wote.

Hapa usiharakishe. Kuanzia Oktoba 1952 hadi Januari 1960 Kenya ilikuwa chini ya Hali ya Hatari, na Land Rover ilikuwa moja ya gari za polisi na jeshi waliokuwa wakisaka Mau Mau. Kwa shosho aliyekuwa msichana Murang'a au Nyeri miaka hiyo, mlio wa hiyo injini haukuwa mlio wa safari. Ulikuwa wa kukimbilia migombani. Wilks aliwaza gari ya shamba lake, lakini chombo kikitoka mkononi mwa fundi hakimuulizi tena kitumike vipi. Ukiandika maisha yake ukaacha hiyo sehemu, umeandika tangazo la biashara.

Baada ya uhuru, ile ile gari ikabadilisha wenyewe. Ikavaa namba za GK, ikawa ya DC, ya daktari wa mifugo, ya padri, ya mwalimu wa elimu ya watu wazima. Leyland Kenya, kule Thika, ikaanza kuziunganisha hapa hapa nchini. Na hadi sai, njia kama ya Maralal kwenda Baragoi, kuna Land Rover zinazobeba abiria na mizigo mahali matatu ya Nairobi ingelia baada ya kilomita mbili.

Hakuachana na jeti

Unakumbuka ile injini ya ndege iliyomponyoka? Wilks hakuisahau. Vita ilipoisha alirudisha watu kwenye hiyo hesabu, safari hii kwa gari. Mwaka wa 1950 Rover ikaonyesha JET1, gari ya kwanza duniani kuendeshwa na injini ya jeti ya kuzungusha magurudumu. Mwaka wa 1952, kwa barabara ya Jabbeke kule Ubelgiji, ikapita kilomita 240 kwa saa. Hiyo ni kampuni ile ile iliyokuwa inauza gari bila milango.

Haikuingia sokoni. Ilikuwa inakunywa mafuta kama mlevi wa mwisho wa mwezi. Lakini Wilks hakuacha. Juni 1963, gari ya jeti ya Rover na BRM ilikimbia mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa, dereva wakiwa Graham Hill na Richie Ginther. Ilibeba namba 00 kwa sababu haikuwa kwa mashindano rasmi, ilikuwa ya kuonyesha tu. Na ikamaliza masaa yote 24.

Kufikia hapo alikuwa amepanda ngazi zote: mkurugenzi wa ufundi, mkurugenzi mkuu, na 1962 akawa mwenyekiti wa kampuni. Hakukalia hicho kiti sana. Septemba 8, 1963, akiwa na miaka 59, alifariki akiwa kwa shamba lake Anglesey, kisiwa kile kile. Mwezi uliofuata Rover ikatoa gari mpya ya P6, ambayo ikachaguliwa gari bora ya mwaka Ulaya. Hakuiona.

Mpwa akatoa springi

Sasa rudi kwa yule beshte yako aliyetoa springi.

Baada ya Wilks kufa, mpwa wake Spen King, aliyekuwa mhandisi Rover pia, alianza kuuliza swali ambalo kila abiria wa Land Rover hujiuliza: lazima iumize? Aliona gari laini yenye springi ndefu za koili inaeza kupita shamba mbaya vizuri kuliko gari ngumu, kwa sababu gurudumu linapata nafasi ya kushuka na kupanda likibaki limegusa ardhi. Gurudumu lililo hewani halisukumi gari. Kutoka hapo ikaja Range Rover ya 1970. Na mwaka wa 1983 Land Rover yenyewe, ile tunaita 110, ikapata koili.

Kwa hivyo damu ya Wilks mwenyewe ndiyo ilitupa springi za Wilks. Hakuna kitu kitakatifu hapo.

Lakini sikia hii pia, kwa sababu watu wengi hupotelea hapa. Kuunganisha si kuchanganya tu. Wilks alipoweka injini ya Rover kwa chesisi ya Jeep, alipima kila kitu kilichofuata nyuma yake. Fundi wako akikuletea dizeli kubwa ya kijapani, muulize kuhusu bamba la kushikanisha injini na giaboksi. Likikaa nje ya katikati hata kidogo, beringi ya mbele ya giaboksi italiwa na utalaumu kila mtu. Muulize kuhusu shafti fupi za ekseli ya nyuma, kwa sababu za Land Rover za zamani hukatika ukizipa nguvu zaidi ya zile ziliundiwa. Muulize breki. Gari iliyoundwa isimame ikitoka kilomita 70 kwa saa, sasa unataka ifike 120 kwa Thika Road na zile zile breki za drumu? Hiyo si gari, ni kesi.

Na uangalie chesisi kabla ya kununua rangi. Bodi ya aluminiamu haili kutu kama chuma, kwa hivyo gari inaeza kukaa fiti kwa nje huku boksi ya chini imebaki ganda. Piga na nyundo ndogo, hasa chuma cha mwisho cha nyuma na mikono inayoshika bodi. Ikilia kama sufuria, sawa. Ikilia kama mkate mkavu, anza na welda. Ukimaliza, hakikisha logbook inasoma namba ya injini iliyo ndani, si ile uliyouza kwa chuma chakavu.

Land Rover ya mwisho ya ukoo huo wa moja kwa moja ilitoka Solihull Januari 29, 2016, baada ya zaidi ya milioni mbili. Ilikuwa na koili, dizeli, na breki za diski, vitu ambavyo Wilks hakuwa navyo 1948. Paneli nyingi za bodi bado zilikuwa za aluminiamu, na bado zilikuwa bapa.

Wewe je, kwenu ocha Land Rover ilikuwa ya nani: ya chifu, ya padri, ama ya karao? Uliza shosh leo jioni. Utashangaa vile anakumbuka namba yake.